Ute wa Kahawia Kwenye Tangi la Ami: Kisa Kilichohitaji Hadubini

Kabla ya chupa ile kunifikia, ute wa tangini ulikuwa umeshapewa majina matatu. Muuza samaki alisema ni diatomu, mwani mdogo wa seli moja, kwamba kila tangi changa hupitia hali hiyo na itakwisha yenyewe. Kijana wa nyumba ya pili alisema ni sayanobakteria, bakteria wanaoishi kwa jua kama mwani, akashauri zisagwe tembe za erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, zitiwe majini. Ami mwenyewe alisema ni uchafu tu, na dawa ya uchafu ni kusafisha. Kila mmoja alikuwa na sababu zake, na kila mmoja aliutazama kwa macho matupu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara Mombasa. Miaka kumi na sita nimesoma slaidi za damu, na nimeona watu wengi waliomeza dawa ya malaria kwa homa isiyokuwa malaria. Kwa hiyo Ami aliponipigia simu kutoka Kilifi, sikumjibu kuhusu tembe. Nilimwomba anitumie kidogo cha huo ute.

Kwanza nieleze tangi lenyewe, maana nusu ya jibu imo humo. Ami alizamia samaki wa mapambo kwa miaka mingi, hadi magoti yalipokataa. Alipostaafu alijitengenezea tangi la kioo la lita 300. Ukiondoa mawe na mchanga, maji ni kama lita 250. Hakutaka kung'oa kitu baharini, akanunua mawe ya kuchimba, yale yale tunayojengea nyumba huku Pwani, ambayo ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe nchi kavu. Akayasugua, akayaanika juani wiki nzima. Mchanga nao akauosha mara saba na kuuanika. Maji aliyachota kila bamvua, bahari ikiwa imejaa, akayachuja kwa kitambaa. Akatia samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, anemoni mmoja, mnyama laini mwenye vidole vingi, wa kuwahifadhi, na konokono kumi na wawili wa kula mwani.

Miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Mwezi wa nne ikaja rangi ya kahawia juu ya mchanga, nyepesi kama vumbi la kakao. Mwezi wa tano ikawa ute: nyuzi za kamasi zikining'inia mawe yote, kila uzi umeshika kiputo cha hewa nchani. Ami alianza kuufyonza kila asubuhi kwa mpira, akivuta maji kwa mdomo kama mtu anayehamisha mafuta ya taa. Kila bamvua alibadilisha robo ya maji. Akapunguza chakula cha samaki hadi mara moja kwa siku mbili, na akatundika mfuko wa punje za kunyonya fosfeti, kirutubisho cha mwani. Kadiri alivyosafisha, ute ulirudi mnene zaidi. Konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kioo na kulala chali. Nilipopigiwa simu walikuwa wamekufa tisa.

Alinitajia jambo moja jingine kwa kupita tu, nami nikaliacha lipite: usiku ute hupungua, alfajiri mchanga huwa karibu mweupe, na ikifika saa sita mchana umesharudi wote.

Chupa ililetwa na dereva wa matatu, imejazwa hadi shingoni, imefungwa kwa nguvu, imekaa kwenye joto kama saa sita. Niliweka tone kwenye slaidi jioni ile. Nikaona vidonge vya kahawia vilivyotulia tuli, vingine vimepasuka, na vipande visivyo na umbo. Ningeweza kuandika "mwani uliokufa" na kwenda zangu nyumbani. Lakini kazini kwetu kuna sheria ambayo kila fundi wa maabara anaijua: choo cha kutafuta amiba husomwa kikiwa bado kina joto, ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba anayetembea akishatulia utamchanganya na chembe nyingine yoyote. Nimeshawarudisha wagonjwa wengi wakalete sampuli mpya. Sikuona kwa nini tangi la Ami lipewe hadhi ndogo kuliko hiyo. Nikamwambia sina majibu, na Jumamosi nikapanda gari kwenda Kilifi, hadubini imefungwa kwa leso mapajani mwangu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mashine mpaka huku?"

"Sampuli ikikataa kuja hai, inafuatwa."

Tulingoja hadi saa sita na nusu, ute ulipokuwa umesimama kabisa. Nilivaa glavu, nikachukua kitone kwa bomba la plastiki kutoka juu ya mchanga, na kitone kingine kutoka kwenye uzi wa jiweni. Bomba nililisuuza kwa maji ya tangi lenyewe. Maji ya mfereji au yaliyotoneshwa yangeua kila kitu: seli iliyozoea chumvi ya gramu 35 kwa lita hunywa maji matamu hadi ipasuke. Kioo cha kufunikia nikakilaza kwa pembe, upande mmoja kwanza, ili hewa itoke.

Anayetaka kufanya kazi hii nyumbani ashike hili: punguza mwanga. Viumbe hivi ni kama kioo ndani ya maji, na ukifungua mwanga wote unavizamisha. Funga kilango cha mwanga kilicho chini ya jukwaa hadi kingo za vitu zitokeze nyeusi. Anza na ukuzaji wa mara 40, usiruke. Kwa ukuzaji huo niliona mchanga ukiwa mawe makubwa yenye kung'aa, na kati yake kamasi kama utando wa buibui uliojaa nukta. Nukta zilikuwa zinatembea.

Kwa mara 100 zilipata umbo. Kwa mara 400 nilisahau kwamba Ami amesimama nyuma yangu. Kila seli ilikuwa kama tone la maji linalotaka kudondoka, au mbegu ya boga: upande mmoja mviringo, upande mwingine umechongoka. Rangi yake dhahabu iliyokolea, giza zaidi katikati. Na mwendo wake sijauona kwenye kitu kingine chochote. Ile ncha iliyochongoka ilikuwa kama imepigiwa msumari, na mwili wote ukizunguka kuizunguka, taratibu, kama mbuzi aliyefungwa kambani na kula nyasi zote za duara lake. Kamba ilikuwepo kweli, uzi wa kamasi mwembamba sana, ambao uliweza kuonekana pale tu mwanga ulipoupiga kwa upande. Mara moja moja seli ingejikata, iogelee kwa kujipindua, kisha ijifunge mahali papya na kuanza kuzunguka tena.

Niliipima kwa njia ya kienyeji. Uwanja wa hadubini yangu kwa mara 400 una upana wa mikromita 450. Seli kumi zingejipanga kutoka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo kila moja ni kama mikromita 45. Chembe nyekundu ya damu, ambayo jicho langu limeizoea kuliko uso wa mtu, haifiki 8.

Hapo majina mawili kati ya yale matatu yalianguka, na hili ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Diatomu wana ganda la silika, kwa hiyo ni wagumu: umbo la mtumbwi au la kijiti, kingo zilizonyooka. Hutambaa mbele na nyuma kwenye mstari kama behewa kwenye reli, na hawajipindui. Sayanobakteria ni nyuzi za seli zilizopangwa kama shanga, hazina kiini, na hujiburuta au kuyumba polepole. Tulichokiona kilikuwa na kiini kikubwa na mijeledi, yaani mikia ya kuogelea, nacho kikizunguka. Ni dinoflajelata, kiumbe wa seli moja mwenye mijeledi hiyo, na kwa umbo lile na ule mwendo wa mbuzi kambani, ni wa jenasi ya Ostreopsis. Erithromaisini ingeweza kudhuru bakteria wa tangi, hata wale wanaoondoa amonia, na kumwacha mgonjwa halisi akitazama.

Tulifanya pia jaribio lisilohitaji lenzi. Nilijaza ute kwenye gilasi, nikautikisa hadi ukapotea, nikauchuja kwa karatasi ya chujio na kuyaweka maji yaliyopita dirishani. Haikuchukua saa nzima, nyuzi zikajisuka upya ndani ya maji yaliyokuwa safi. Uchafu haujisuki. Jaribio hili lingemtosha mtu kujua kwamba ana dinoflajelata, ila halimwambii ni yupi, na hilo lina uzito wake. Angekuwa dinoflajelata mwingine, Amphidinium kwa mfano, yule bapa wa mviringo mwenye kichwa kidogo kilichopinda upande, tungeelekea njia nyingine. Huyo hukaa mchangani usiku na mchana, na taa iliyotusaidia baadaye isingemgusa.

Kabla ya kuzungumza dawa nilimwomba Ami jambo moja: asivute tena maji kwa mdomo, wala asiingize mkono wenye mchubuko. Baadhi ya Ostreopsis hutengeneza sumu za jamii ya palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana kutoka viumbe vya bahari. Mwaka 2005, Ostreopsis walipozaana kwa wingi kwenye fukwe za Genoa, Italia, watu karibu 200 walihitaji matibabu kwa homa, kikohozi na pumzi kubana, na wengi walikuwa wamevuta tu hewa ya ufukweni. Konokono wa Ami walikuwa wakila ute huo kila siku. Ndiyo maana walianguka.

"Basi nimekuwa nikiwalisha kwa kusafisha?" akauliza.

"Hukuwalisha, Ami. Uliwafukuza majirani zao."

Nilimpimia maji mbele yake. Naitreti: sifuri. Fosfeti: sifuri. Kwa mpenzi wa tangi namba hizo zinasikika kama sifa, na Ami alizifurahia. Lakini mwani wa kawaida, diatomu na bakteria wote wanahitaji vitu hivyo viwili. Vikikauka kabisa, wanaofaulu ni wachache wanaoweza kuvumilia njaa, na dinoflajelata wamo, kwa sababu wengi wao hawategemei jua peke yake: humeza pia bakteria na chembe ndogo. Sasa yatazame yale yote aliyoyafanya kwa nia njema. Maji ya bamvua kutoka nje ya miamba yana naitreti na fosfeti kidogo mno, kwa hiyo kila robo aliyobadilisha ilipunguza zaidi. Punje za kunyonya zilimaliza kilichobaki. Mawe ya kuchimba, ambayo ni kalsiamu kaboneti, hushika fosfeti yenyewe yakiwa bado mapya. Na yaliingia tangini yakiwa makavu, bila hata kiumbe mmoja wa kugombea nafasi. Mahali patupu na penye njaa, aliyeingia wa kwanza akatanda. Inawezekana aliingia na maji au na konokono. Kitambaa hakizuii kitu cha mikromita 45.

Tulianza jioni ile ile. Mfuko wa punje ukatolewa. Kubadilisha maji kukasimama. Samaki wakarudishiwa chakula mara mbili kwa siku, na nadhani wao ndio waliofurahi kuliko wote. Nikapima sodiamu naitreti safi ya maabara: kwa lita 250, gramu 0.34 huongeza miligramu 1 ya naitreti kwa lita. Tukapanda pole pole kwa siku nyingi hadi 5, na fosfeti hadi karibu 0.1, tukipima kila jioni, maana siku za mwanzo mawe yaliinywa yote usiku mmoja. Kaboni amilifu ikawekwa kwenye njia ya maji ili ikamate sumu zitakazomwagika seli zikifa.

Kisha taa. Lile neno la Ami la kupungua usiku lilinirudia. Ostreopsis huachia mchanga giza linapoingia na kuelea majini hadi asubuhi. Nilimwomba Ami azime taa zote, na saa tatu usiku nikachukua maji katikati ya tangi, mbali na mchanga. Tone la mchana kutoka mahali pale pale lilikuwa tupu. Tone la usiku lilikuwa na seli tano. Basi tukafunga taa ya urujuanimno ya bwawa la samaki, pampu yake ikivuta maji kutoka tangini na kuyarudisha moja kwa moja tangini, kwa kasi ndogo ili kila seli ikae mbele ya mwanga muda wa kutosha. Wanaoifunga chini, kwenye chombo cha chujio, hupitisha maji machache na kulalamika kwamba haifanyi kazi.

Kila Jumamosi Ami alichukua tone mahali pale pale, saa ile ile, kwa hadubini niliyomwachia, akihesabu nyanja kumi kwa mara 100 kama tunavyohesabu vimelea. Siku ya kwanza nilikuwa nimehesabu zaidi ya 40 kwa kila uwanja, nikaacha. Wiki ya pili zilikuwa kama 15. Wiki ya nne, tatu. Wiki ya sita nyanja tisa zilikuwa tupu na ya kumi ilikuwa na seli moja, ikizunguka kamba yake peke yake.

Siwezi kusema kwa uhakika ni kipi kilichofanya kazi. Tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja, na hakukuwa na tangi la pili la kulinganisha. Nikilazimishwa nitasema taa iliwapunguza, na virutubisho viliwazuia wasirudi, kwa sababu wiki ya tano umeme ulikatika siku mbili na idadi haikupanda. Lakini hiyo ni dalili moja tu.

Wiki ya tatu ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, na si kwa sababu ya ute. Mwani wa kijani uliota kila mahali. Ami alinipigia simu sauti ikiwa imebadilika: miezi minane anapigana na uchafu wa kahawia, sasa mimi nimemletea wa kijani. Nilimwomba aweke kijani hicho chini ya lenzi kabla hajashika mswaki. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kunieleza anachokiona, nami nikimwambia majina. Mitumbwi ya diatomu ikitelezana. Kitu kama tarumbeta kinachojikunja kwa ghafla kikiguswa: siliata, aliyefunikwa vinyweleo. Nyoka mwembamba anayejipiga huku na huku bila kwenda popote: mnyoo wa nematodi. Siku chache nyuma alikuwa ametia kikombe cha mchanga hai na maji yake, uliochotwa maji yakiwa yametoka, na wageni hao wote walikuja humo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwepo tulipompata kopepodi jike, mdudu mdogo wa maji wa jamii ya kaa na uduvi. Kwa macho ni nukta nyeupe inayoruka kwenye kioo. Kwa mara 100 ana jicho moja jekundu katikati ya kichwa, na nyuma amebeba vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande, kama mchuuzi na mizigo yake ya mti. Moyo hana, ila utumbo unaonekana ukicheza ndani ya mwili. Aliposimama tuliweza kuhesabu mayai. Ami alihesabu, akakosea, akahesabu tena.

Hadubini yangu nilihitaji kuirudisha Mombasa, naye aliuliza itamgharimu kiasi gani kupata yake. Kwa kazi hii hapana haja ya kubwa. Ile ya karatasi ya kukunja, Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski wa Chuo Kikuu cha Stanford na kutangazwa mwaka 2014, hukuza kama mara 140, na kwa ukubwa huo mbuzi kambani hujitambulisha kwa mwendo wake. Mwendo ndio alama ya kwanza hata kwa aliyetutangulia sisi sote: Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, mwaka 1676 aliloweka pilipili manga majini akitaka kujua ukali wake unatoka wapi. Ukali hakuuona. Aliona vitu vidogo vikitembea, na kwa kutembea kwao akajua kwamba vina uhai.

Kabla sijafunga leso, Ami aliomba tumtazame anemoni. Nilikata ncha ya kidole kimoja cha anemoni, ndogo kuliko punje ya mchele, nikaiminya chini ya kioo. Ikamwaga mipira ya dhahabu, mamia, yote ya mviringo, kila mmoja kama mikromita 10. Nilimweleza kwamba hawa nao ni dinoflajelata, ukoo mmoja na wale tuliowapiga taa wiki sita. Hawa huishi ndani ya nyama ya anemoni na matumbawe, hutengeneza sukari kwa jua na kumgawia mwenyeji, na rangi ya matumbawe kwa sehemu kubwa ni yao. Bahari ikizidi joto, matumbawe huwapoteza.

Ami hakuondoa jicho kwenye lenzi.

"Mwaka 98," akasema. "Hawa ndio waliotoka?"

"Ndio hawa, Ami."

Akaniambia ilikuwa nje kidogo ya mlango wa Kilifi, kwenye mawe aliyoyajua moja moja kama mtu anavyojua milango ya mtaa wake. Alishuka asubuhi akadhani kioo cha barakoa kimeingia ukungu. Akapanda, akakifuta, akashuka tena, na mawe yalikuwa bado meupe kama chokaa hadi mwisho wa macho. Kisha akazungusha kirekebishi taratibu, akaniomba nimwongezee mwanga kidogo.